Kamba ya Katani Niliyorudi Nayo Kutoka Ngomeni

Na kamba yenyewe bado iko hapa mezani, kando ya kikombe changu cha chai, na kila nikiitazama nacheka peke yangu.

Jumapili, saa tisa alasiri, Kitale. Tumetoka kanisani, tumekula, na Wafula amelala kwenye kochi mdomo wazi. Mawingu yamelala upande wa Mlima Elgon na baridi imeanza kupenya chini ya mlango. Nimevaa sweta yake. Ni kubwa, inanifikia karibu na magoti, na inanukia sabuni na mbegu za mahindi za dukani kwake. Shajara yangu, nitasema ukweli tu: nina furaha mpaka naona aibu. Nimeolewa miezi minne sasa na bado nikisikia pikipiki yake ikiingia kwenye ploti moyo unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili.

Lakini jana nusura niharibu kila kitu.

Nianze na Ngomeni, kwa sababu wengine mnaosoma huku hampajui. Ni kilima karibu na Lugulu, si mbali na nyumbani kwa wakwe zangu. Zamani za vita kulikuwa na kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, watu na ng'ombe wao ndani, lango moja tu. Siku hizi ukuta wa nje umebaki kama mgongo mrefu wenye nyasi, na handaki ni bonde dogo ambalo mbuzi wanapenda. Katikati imebaki nyumba moja ya udongo, ya duara, kubwa, yenye paa la nyasi. Si ya enzi za vita, lakini ni kuukuu vya kutosha, na wenyewe waliitoa iwe ya kila mtu.

Jumamosi moja kila mwezi kilima kinajaa. Wanafunzi wanakuja kuonyeshwa handaki. Mzee mmoja anapiga litungu lake la nyuzi mpaka hata wale wenye simu wanaziweka mfukoni. Kuna meza ya kubadilishana mbegu za zamani, wimbi, mtama, mboga ambazo hata majina yake nilikuwa siyajui, na hiyo meza ni ya mume wangu. Mume wangu! Alisomea kilimo kule Mabanga na akishika kiganja cha mbegu anaongea kama mhubiri. Ningeweza kusimama pale siku nzima nikimtazama.

Na mara mbili kwa mwaka, siku hiyo inakuwa ya kusiriba nyumba.

Hapo ndipo moyo wangu ulikuwa. Desturi ya Ngomeni ni kwamba kila mwanamke anayeolewa pale kilimani hupewa kipande cha ukuta wa ndani katika mwaka wake wa kwanza. Anakisiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na kabla hakijakauka anapitisha vidole vyake aache mistari. Wengine wanachora mawimbi, wengine duara, wengine mistari mitatu tu iliyosimama. Hakuna jina linaloandikwa, lakini mama wa pale wanaweza kukutembeza ndani ya nyumba ile wakikutajia kila kipande ni cha nani na alikuwa mtu wa aina gani.

Mimi ni Njeri, wa kule Kwanza karibu na Kitale. Babu yangu alitoka Murang'a na jembe na blanketi, na sisi tumezaliwa katika nyumba za mbao. Ukuta ukichakaa kwetu unapigwa rangi, basi. Nilitaka kipande kwenye ukuta ule kuliko nilivyotaka pete.

Kuna sababu. Mama mkwe wangu ananipenda, simlaumu hata kidogo. Lakini tangu harusi ananiita "mgeni." Mgeni amekula? Mgeni apewe kiti. Mgeni asishike hiyo sufuria itamchoma. Tukifika kwake chai inaletwa kwa trei, na kitambaa chenye maua juu. Mwezi wa kwanza niliona ni heshima. Mwezi wa pili nilianza kuihesabu ile trei kama mtu anayehesabu siku za adhabu. Mashemeji zangu wanacheka naye jikoni, wanafokewa, wanatumwa kuni, na mimi niko sebuleni na biskuti kama afisa wa kaunti.

Sikumwambia Wafula. Ungemwambiaje mtu kwamba unaumizwa na biskuti za mama yake?

Basi nilijiandaa. Nilijua nisimpe baba mkwe mkono, nisikae karibu naye, nisimtaje jina. Hayo yote nimeyashika vizuri. Kuhusu udongo, Wafula alinifundisha wiki nzima. Tulichanganya kwenye ndoo na kufanya mazoezi nyuma ya choo cha ploti mpaka mwenye nyumba akatoka kutuuliza kama tumerogwa. Wafula akamwambia, "Mzee, huyu bibi yangu anasomea udaktari wa kuta." Nilicheka nikakaa chini.

Na isitoshe, mimi napamba keki. Jumamosi nyingi natoka saiba, ile ya intaneti ninakofanya kazi, na kwenda kupamba keki za watu, na ile ya harusi yetu niliipamba mwenyewe. Nikajiambia udongo ni krimu tu iliyokasirika.

Jana tulichelewa kwa sababu ya pancha pale Kamukuywa. Tulipofika Ngomeni, Mwalimu Nekesa, mwalimu mstaafu anayesimamia siku hizo, alikuwa amemaliza kutoa maelezo, na amezamisha mikono miwili ndani ya udongo mpaka viwiko. Akanisalimu "mulembe" kwa furaha, akasema, "Chako ni kile pale ndani, mulamwa," yaani wifi. "Anza tu, udongo ni ule." Na kwa kuwa mikono yake haikuwa ya kuonyesha mtu kitu, akanionyesha kwa mdomo. Unajua vile tunavyoonyesha kwa mdomo. Unaubinua tu kuelekea kitu na mwenzako anaelewa.

Mimi nikafuata ule mdomo nikaingia ndani.

Upande huo kulikuwa na vipande viwili jirani. Kimoja kilikuwa kitupu kabisa, lakini kulikuwa na mkeka uliosimamishwa mbele yake, kwa hiyo sikukiona. Kingine kilikuwa kimechakaa. Kimefifia, kimepasuka pembeni, kina mistari iliyopinda kama aliyeichora alikuwa kwenye tingatinga. Juu yake, kwenye msumari, kulikuwa na kamba ya katani inayoning'inia.

Ningeweza kutoka kuuliza. Nakiri hapa. Nilisimama mlangoni nikawasikia mama wote nje wakicheka na kukanyaga udongo, mama mkwe akiwa katikati yao, na nikajiambia mgeni ndiye anayeuliza, mwenyeji anafanya. Nikarudi ndani.

Ile kamba niliona ni takataka. Niliitoa kwenye msumari, na kwa kuwa leso yangu ilikuwa inateleza kila nikiinama, nikaifunga kiunoni.

Kisha nikafanya kazi. Nililowesha ukuta kwanza kama nilivyofundishwa. Nikapaka, nikabonyeza, nikaziba nyufa. Nilikuwa nimekuja na kisu changu cha keki, kile kirefu kisicho na makali, nikalainisha mpaka ukuta ukang'aa. Nilikuwa naimba. Nilikuwa nafikiri tutakuja hapa na watoto wetu niwaambie huyu ni mama yenu. Mikono ilinuka ng'ombe na sikujali.

Nilikuwa nimerudi nyuma kukitazama, natafakari nichore nini, pale Kukhu Nasambu alipoingia.

Kukhu Nasambu ni jirani wa mama mkwe, nyanya mwembamba, ndiyo maana ya kukhu, mwenye sauti ya tarumbeta. Aliingia akisema kitu kuhusu maji. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Akatazama kiuno changu.

"Hiyo kamba umetoa wapi?"

Nikamwonyesha msumari.

"Uuuwi," akasema polepole, halafu akageukia mlango na kuachilia ile sauti yake yote: "Mama Wafula! Kuja uone bibi ya kijana wako!"

Waliingia wote. Mwalimu Nekesa mbele, na uso wake ndio ulionieleza kabla ya maneno. Kamba ya katani, alisema, ndiyo alama. Ndiyo maelezo aliyotoa asubuhi. Kipande chenye kamba hakiguswi hata kikipasuka, ndivyo kilivyohifadhiwa. Kipande changu kilikuwa kile cha nyuma ya mkeka.

"Na hiki ni cha nani?" niliuliza, ingawa nilishajua. Mama mkwe alikuwa ameukazia macho ule ukuta.

Kilikuwa chake. Alikisiriba mwaka alioolewa.

Shajara yangu, kuna aibu inayokuja kama maji moto. Nilitamani handaki lile la nje linimeze. Mwalimu Nekesa alichukua kitambaa chenye maji akajaribu kufuta kona ya chini, taratibu sana, aone kama udongo mpya utatoka peke yake. Haukutoka peke yake. Ulitoka na mstari mmoja wa zamani, ukabaki kwenye kitambaa kama vumbi tu la kawaida. Akaacha.

 

Mama mkwe alisogea akaweka kiganja chake karibu na ukuta, bila kuugusa. Nikaanza kulia. Nikasema samahani mama, samahani mama, mara sijui ngapi. Nilijua atasema kile anachosema siku zote, mwacheni, ni mgeni, hakujua. Na nilijua akikisema, nitakisikia maisha yangu yote.

Akageuka.

"Wewe Njeri! Macho yako iko wapi? Ati unaona kamba kwa msumari, unafikiri ni ya kufunga mbuzi? Si mdomo unao? Si ungeuliza? Tuko hapo nje kumi na moja, hakuna mmoja mwenye angekujibu?"

"Nilitaka..."

"Ulitaka! Kila mtu anataka! Futa hiyo machozi, inaingia kwa udongo yangu. Na hii umepaka na nini, ni laini kama mtoto ametoka kuogeshwa. Ukuta inataka kushika, haitaki kung'aa! Leta maji. Leta na majivu. Haraka, kabla ikauke!"

Nilikimbia. Nilikimbia kweli, leso na kamba na yote, nikamgonga Wafula mlangoni akiwa na jerikeni mbili. "Kuna nini?" akaniuliza. Nikamwambia nimefuta mama yako. Sitasahau uso wake.

Niliporudi, mama alikuwa amekunja mikono ya blauzi. Akakwaruza ung'avu wote wa kisu changu kwa kucha, akapaka upya juu, mikono yake ikienda kwa nusu duara, chap chap, kama mtu anayepangusa meza. Kisha akaweka vidole vinne kwenye udongo mbichi ili achore, na akasita.

Alikuwa hakumbuki.

"Ilikuwa imenyooka," akasema.

"Imenyooka wapi!" Kukhu Nasambu akaruka. "Ilikuwa imepinda kama pembe ya ng'ombe mlevi. Miaka yote hii hiyo kipande imekaa karibu na yangu, nisijue?"

"Nasambu, wacha uongo mbele ya watoto."

"Uongo gani? Huku juu ulichora vizuri. Ukifika hapa katikati ukapinda kwa sababu tumbo ilikuwa mbele yako. Huku chini ata si wewe. Ni mimi. Ulikuwa huwezi kuinama!"

Wote wakacheka, na mama mkwe, nakwambia, mama mkwe wangu wa trei na kitambaa, alijifunika uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa vimejaa udongo. "Ni kweli," akasema. "Ni kweli bana. Nilikuwa na huyu." Akabinua mdomo kumwonyesha Wafula.

Safari hii kila mtu alifuata mdomo vizuri.

Mume wangu alikuwa amesimama na jerikeni zake, mrefu vile, mabega vile, na mama kumi na moja wakimtazama kana kwamba amezaliwa asubuhi hiyo. Aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Nilimpenda wakati ule mpaka nikaona nitaanguka. Miaka yote hiyo alikuwa kwenye ukuta ule, ndiye aliyeipinda mistari, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Mama akachora. Kukhu akimsahihisha kila inchi, kulia kidogo, hapana, hapo ndipo ulipigwa teke, pinda! Akafika katikati, akafika kiunoni, akashika goti lake akasimama. Magoti yake siku hizi hayampi ruhusa ya kuinama.

"Njeri. Shuka huku chini, umalizie."

Kukhu Nasambu akaangua: "Kwanza tuulize. Wewe unaweza kuinama? Ama kuna habari mmetuficha huko Kitale?"

Ah! Nilitamani mkeka ule unifunike. Nikasema naweza kuinama, Kukhu, naweza kabisa, na nikapiga magoti upesi ili wasione uso wangu, na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka barabarani.

Nilichora sehemu ya chini, vidole vinne. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, goti lake karibu na bega langu, akinielekeza. "Bonyeza. Usiogope. Si keki hii." Kumbe Wafula alishamwambia habari ya kisu. Nilipomaliza, mistari yangu ilikuwa inatetemeka kidogo pale ilipokutana na yake. Haikufanana na ya zamani, Mwalimu Nekesa alisema kweli, ya zamani imekwenda. Aliandika hivyo kwenye daftari la nyumba, alisema lazima aandike ilivyotokea, na siku wanafunzi wakija wataambiwa hivyo hivyo. Niliona uchungu, na bado nauona. Kitu kilichokaa miaka yote hiyo nilikifunika kwa saa moja, nikiimba.

Nilifungua kamba kiunoni nimrudishie Mwalimu airudishe msumarini. Mama akanizuia mkono.

"Wacha. Kazi haijaisha. Hii ikikauka itapasuka pasuka, lazima irudiwe na ile laini ya mwisho. Wewe ndiye utafanya. Kaa na hiyo kamba mpaka umalize. Siku umemaliza, utafunga mwenyewe. Na kile kipande chako cha nyuma ya mkeka pia kinakungoja, usifikirie nimesahau."

Kisha akanipa ndoo saba nikazioshe.

Nilioshea mtoni pale chini ya handaki, peke yangu, maji baridi, mikono imekufa ganzi, na sijui niliosha ndoo ngapi kabla sijatulia nikaelewa ni nini kilichokuwa kikinifanya nitabasamu kama mjinga. Alikuwa amenifokea. Mbele za watu. Kwa jina langu. Alikuwa amenitaja Njeri mara mbili, ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa kunituma.

Mgeni hafokewi.

Jioni tulipita kwake kabla ya kurudi Kitale. Nilikaa sebuleni kwa mazoea, nikasikia kutoka jikoni: "Huyo amekaa huko akingoja nini? Chai itajimimina?" Wafula alinitazama. Nikamtazama. Yule mwanamume alijua! Miezi minne alikuwa anajua kuhusu zile biskuti na hakusema, kama mimi tu nilivyonyamaza. Alinibana mkono, akaninong'oneza, "Enda, mke wangu. Unaitwa." Nilikunywa chai yangu nimesimama, kwenye kikombe cha bati kisicho na mshikio, na moshi machoni. Sijawahi kunywa chai tamu hivyo, na haikuwa na sukari ya kutosha.

Sasa mvua imeanza kudondoka juu ya mabati. Wafula amegeuka kwenye kochi, anasema kitu kuhusu wimbi ndotoni. Nimeizungusha kamba mara tatu kwenye kifundo cha mkono wangu. Ni kamba tu, inawasha kidogo, ina udongo uliokauka kwenye mafundo. Nimejaribu kuufikiria ule ukuta wetu kule, mistari ya mama ikianza kukauka juu na yangu chini, na najiuliza kama imeshaanza kupasuka pale inapokutana. Udongo unahitaji wiki mbili, alisema, tatu mvua ikizidi.

Kisu cha keki nitakiacha nyumbani.

Nimemwomba mwenye saiba Jumamosi, amekubali. Mama, najua husomi mambo ya mtandao, lakini mashemeji watakusomea na watacheka wakikusomea. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo kwako mapema, kabla hujapika chai, na kamba yako nitakuja nayo kiunoni.